Viduara visivyosikia dawa ya fangasi

Swali: Shikamoo daktari. Naishi Mbagala, nina binti wa miaka 8. Mwaka jana alitokwa na kiduara juu ya mguu wa kulia, pale kamba ya ndala inapopita. Mwaka huu vimeongezeka viwili, kimoja kwenye kifundo cha mguu na kingine nyuma ya kiganja. Haviwashi wala haviumi. Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi, haikusaidia. Wakanipa nyingine, kiduara kikashuka, nilipoacha kikarudi vilevile. Zahanati wakampa vidonge vya griseofulvini mwezi mzima, hakuna kitu. Sasa mwalimu amesema abaki nyumbani mpaka apone, na jirani ananiambia huo ni ukoma. Picha nimekutumia. Ni ugonjwa gani, utaisha lini, na je, wadogo zake wataambukizwa?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na linalokunyima usingizi. Kwa maelezo yako na kwa picha ulizotuma, sioni fangasi na sioni ukoma. Ninachokiona kinafanana sana na ugonjwa unaoitwa granuloma anulare. Hauambukizi hata kidogo. Wadogo zake walale naye, waoge naye, wavae nguo zake. Na kwa watoto walio wengi huisha wenyewe bila dawa yoyote, ingawa hauna haraka. Picha ya simu peke yake haitoshi kunifanya niape, kwa hiyo nitakueleza mambo mawili matatu ya kuangalia nyumbani, kisha nikuelekeze pa kumpeleka ili mtaalamu aiguse ngozi yenyewe.

Usimlaumu sana muuza dawa. Joto na jasho la Dar vinawapendeza fangasi, na hapa mtu akitokwa na duara lolote, jina la kwanza mdomoni ni mashilingi au choa. Mara nyingi jina hilo huwa sahihi. Granuloma anulare si ugonjwa wa kila siku, na wahudumu wengi wa zahanati hawajawahi kufundishwa kuutambua. Tatizo linaanza pale dawa ya kwanza inaposhindwa. Hapo ndipo mtu alipaswa kusimama na kujiuliza kama jina lenyewe lilikuwa sahihi. Badala yake mtoto huongezewa dawa kali zaidi ya ugonjwa uleule ambao hana.

Sasa mkalishe binti mlangoni mchana, penye mwanga mzuri, utazame kile kiduara cha mguuni kwa karibu. Fangasi huishi kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi na hula hapohapo, ndiyo maana ukingo wake huchubuka, hutoa magamba na huwasha. Pitisha ukucha taratibu juu ya ukingo. Ukiona unga mweupe unatoka, fangasi bado yumo kwenye orodha. Granuloma anulare iko chini zaidi, ndani ya nyama ya ngozi, na tabaka la juu linabaki zima. Ukipapasa utahisi ukingo umeinuka na ni mgumu kidogo, lakini juu yake ni laini kabisa. Kisha vuta ngozi kwa vidole viwili, kimoja huku na kimoja kule. Ukingo uliokuwa unaonekana kama mstari mmoja utagawanyika, uone vipele vidogo vigumu vilivyopangana kama shanga kwenye uzi. Katikati ngozi ni tambarare, pengine ina giza kidogo kuliko sehemu nyingine.

Ukitafuta picha za ugonjwa huu mtandaoni utaona viduara vyekundu au vya waridi, utasema hiki si cha mwanangu. Nyingi ya picha hizo ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu viduara hivi huwa na rangi ileile ya ngozi, au hudhurungi, au zambarau iliyokolea kidogo. Kwa hiyo rangi isikuchanganye. Amini vidole vyako: umeinuka, mgumu, hauna magamba.

Hospitalini kuna kipimo rahisi cha kumaliza ubishi wa fangasi. Mtaalamu hukwangua ukingo kwa kisu butu, akaweka magamba kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksaidi, akatazama kwa hadubini. Fangasi wakiwepo huonekana kama nyuzi zenye matawi. Mtoto haumii. Kipimo hiki ndicho kilichopaswa kutangulia kabla ya mwezi mzima wa griseofulvini. Siku nyingine mtu akitaka kumpa mtoto wako vidonge vya fangasi kwa sababu ya alama kwenye ngozi, uliza kwa upole kama anaweza kukwanguliwa kwanza. Ni haki yako kuuliza.

Nakuja kwa jirani yako na ukoma wake. Sitamcheka, kwa sababu ukoma bado upo nchini, na kiduara kisichowasha ni jambo la kuchunguzwa. Alama kubwa ya ukoma ni baka lililopauka au lenye wekundu wa shaba ambalo limepoteza hisia. Unaweza kulipima mwenyewe. Chukua pamba safi, isokote iwe na ncha nyembamba. Kwanza mguse binti kwenye ngozi nzima huku akiangalia, ili aelewe mchezo: kila akiguswa, aoneshe kwa kidole mahali palipoguswa. Halafu afumbe macho. Gusa ndani ya kiduara, gusa ukingo, gusa nje, bila mpangilio. Usiburuze pamba, iguse tu mara moja na kuiondoa. Mara nyingine subiri bila kumgusa kabisa, uone kama anakisia. Akionesha vizuri pote, hiyo ni ishara nzuri sana. Akikosa kila unapogusa ndani ya duara na kupata kila unapogusa nje, usingoje mwezi uishe, mpeleke kesho yake. Mtaalamu naye atapapasa mishipa ya fahamu, kwenye kiwiko na upande wa nje wa goti, kwa sababu kwenye ukoma mishipa hiyo huweza kuvimba.

Na hata ungekuwa ukoma, mama, usingekuwa mwisho wa dunia. Nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma tangu 1977. Dawa mseto za ukoma hutolewa bure, huliwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa anapona. Kinacholeta ulemavu ni kuchelewa, na watu wanachelewa kwa sababu ya maneno kama hayo ya uani. Kwa hiyo mwambie jirani asante kwa kujali, mtoto anakwenda kupimwa.

Sasa ni nini hasa kinaendelea kwenye ngozi ya binti? Chini ya tabaka la juu kuna nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara wake. Kwa sababu ambayo sayansi haijaikamata sawasawa, seli za ulinzi za mwili hukusanyika kuzizunguka baadhi ya nyuzi hizo kana kwamba kuna adui, na ute fulani hujikusanya katikati yao. Mkusanyiko huo ndio ugumu unaousikia kwenye ukingo. Duara hutanuka taratibu kuelekea nje huku katikati pakitulia. Wakati mwingine huanza baada ya ngozi kuumia kidogo, kung'atwa na mdudu kwa mfano, lakini wagonjwa wengi hawakumbuki kitu chochote. Si uchafu, si chakula alichokula, si damu chafu, na si kosa lako. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1895 na daktari Mwingereza, Colcott Fox, na jina linalotumika hadi leo likatolewa mwaka 1902. Huwapata zaidi watoto na vijana, na wanawake kuliko wanaume. Sehemu ambazo ugonjwa huu huzipenda ndizo hizohizo ulizozitaja: juu ya mguu, kwenye vifundo, nyuma ya viganja na kwenye vidole.

Nataka nikae kidogo kwenye ile krimu ya pili, kwa sababu hapo ndipo naogopa zaidi kuliko ugonjwa wenyewe. Uliona kiduara kinashuka, ukaacha, kikarudi. Karibu nina hakika tyubu ile ina steroidi ndani yake. Isome: ukiona betamethazoni, klobetasoli, au jina lolote la jamii hiyo, ndiyo. Maduka mengi huuza krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja, moja ya fangasi, moja ya bakteria na moja ya steroidi, na watu huzipenda kwa sababu karibu kila kitu hupungua kwa siku za mwanzo. Steroidi huituliza ngozi iliyovimba, iwe imevimba kwa sababu gani. Mwenye fangasi wa kweli akiipaka, muwasho hupoa huku fangasi wakinenepa chini kwa chini, na baadaye hata mtaalamu hupata shida kuwatambua. Asiye na fangasi, kama binti yako, anabeba madhara ya dawa mbili ambazo hazihitaji.

Madhara ya ile ya tatu, steroidi, nayo si madogo ikitumika miezi. Ngozi hukonda mpaka mishipa ya damu inaonekana, hupauka na kuacha baka jeupe kuzunguka duara, na huanza kuchanika kwa michirizi isiyofutika. Mtoto hunyonya dawa nyingi kupitia ngozi kuliko mtu mzima, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Klobetasoli hiyohiyo ndiyo inayokutwa kwenye mikorogo ya kujichubua, na sisi wa kliniki za ngozi tunaona kila wiki inachofanya kwenye nyuso za dada zetu. Kwa vile wewe umepaka sehemu ndogo tu, acha leo, hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo. Kama uliipaka sehemu kubwa ya mwili kwa miezi, mwambie daktari kabla ya kuacha. Na tafadhali, tyubu iliyobaki usimpe jirani.

Katika kuhangaika kwako najua kuna mtu atakushauri kitunguu saumu, maji ya betri au chokaa. Kataa. Kitunguu saumu kilichosagwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza kabisa, nimeshaona watoto wenye malengelenge na makovu kwa sababu yake. Kiduara kingeondoka bila alama, kovu haliondoki.

Utaisha lini? Nikikutajia tarehe nitakuwa nakudanganya. Kwa viduara vichache vya aina hii, karibu nusu ya wagonjwa hupona ndani ya miaka 2. Wengine miezi michache tu, na wachache huchukua miaka mingi zaidi. Katika waliopona, takribani wanne kwa kila kumi huona kiduara kikirudi, mara nyingi palepale, na kinachorudi kwa kawaida hakikai sana kama cha kwanza. Ukiona vipya vinatokea huku cha zamani kinafifia, usidhani ugonjwa unakimbilia mwilini. Ndivyo ulivyo. Ukingo huanza kulegea, unakuwa tambarare, unakatikakatika, halafu unabaki kivuli cha rangi ambacho nacho hufutika taratibu. Kovu hakuna.

Je, atibiwe? Kwa mtoto wa miaka 8 mwenye viduara vitatu visivyouma, ushauri wangu ni asitibiwe. Najua mzazi ameshatumia hela, anataka kutoka hospitali na kitu mkononi. Lakini hapa kuacha ndiyo tiba iliyo salama kuliko zote, mradi jina la ugonjwa limethibitishwa na kuna mtu anafuatilia. Kama vinamkosesha raha mwenyewe, kwa mfano kile cha mkononi ambacho wenzake wanakiona, daktari anaweza kuandika krimu ya steroidi iliyochaguliwa kwa umri wake, ipakwe juu ya ukingo tu, mara moja kwa siku, kwa wiki chache zenye mwisho unaojulikana. Hiyo ni tofauti kabisa na kununua tyubu na kupaka mpaka iishe. Kuna pia sindano ya triamsinoloni, nayo ni steroidi, ndani ya ukingo. Hufanya kazi kwa baadhi ya watu, lakini inauma, na inaweza kuacha kishimo au doa jeupe. Kuna kugandisha kwa naitrojeni ya maji. Hiyo siipendi kabisa kwa ngozi nyeusi, kwa sababu baridi kali huua seli zinazotengeneza rangi, ukabadilisha kiduara kilichokuwa kinaondoka na doa jeupe litakalokaa miaka. Akipendekezewa, uliza mara mbili. Vidonge na tiba ya mionzi ya mwanga ni vya watu wazima ambao viduara vimeenea mwili mzima, si vya binti yako.

Ukisoma kwenye simu utakutana na kisukari na virusi vya UKIMWI, nikuondolee hofu mapema. Uhusiano na magonjwa hayo hutajwa zaidi kwa watu wazima ambao viduara vimesambaa kifuani, tumboni na mikononi. Mtu wa namna hiyo tunampima sukari, mafuta ya damu na VVU bila kusita. Kwa mtoto mwenye afya njema na viduara vichache miguuni na mkononi, hatupimi damu kwa mazoea. Lakini kama anakunywa maji kupita kiasi, anaamka kukojoa kila usiku na anakonda, apimwe sukari hata kama asingekuwa na kiduara kimoja.

Huenda daktari akataka kukata kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi wa maabara. Hufanywa kwa ganzi, kipande kina upana wa milimita 3 au 4, na jibu hutoa uhakika. Kwa mtoto mwenye dalili zilizo wazi, mikono iliyozoea haihitaji hata hicho. Ikiwa hisia zina mashaka, au kiduara kina sura isiyo ya kawaida, kubali kipimo.

Kwa kufuatilia nyumbani, piga picha mara moja kwa mwezi. Saa ileile, mlango uleule, na weka sarafu ya shilingi 100 pembeni ya kiduara ili ukubwa ulinganishwe. Macho yanayokitazama kila siku hudanganya, picha za miezi sita zikiwekwa pamoja zinasema kweli. Ndala zake angalia kamba isiwe inamsugua palepale, zikimbana mnunulie zilizolegea. Basi. Sabuni ya kawaida, mafuta yake ya kawaida.

Mpeleke haraka, bila kusubiri mwezi wa picha, ukiona mojawapo ya haya: kiduara kimepoteza hisia, kimepasuka au kinatoa usaha, vinasambaa ghafla mwilini, ana homa au viungo vinavimba, au ana nundu ngumu chini ya ngozi ya kichwa au kwenye ugoko. Hizo nundu zinaweza kuwa aina nyingine ya ugonjwa huuhuu, inayowapata watoto wadogo na isiyo na hatari, lakini zinahitaji mkono wa mtaalamu kuzitofautisha na mengine.

Kuhusu wapi. Huna haja ya kuanzia Muhimbili. Anza Hospitali ya Mbagala Rangi Tatu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na dirishani uliza siku ya kliniki ya ngozi. Anayekuona si lazima awe daktari bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu kuhusu ngozi tangu miaka ya 1990, na wengi wao wana jicho zuri sana kwa mambo haya. Nenda na tyubu zote na makasha ya vidonge alivyotumia, hata yaliyo matupu, pamoja na picha za mwanzo kama unazo. Siku tatu kabla usimpake chochote kwenye viduara, ili vionekane kama vilivyo.

Ukiwa pale, omba barua ya shule. Usisubiri daktari akumbuke, omba mwenyewe. Inatosha iseme kwamba mwanafunzi ana ugonjwa wa ngozi usioambukiza, anaweza kukaa dawati moja na wenzake, kucheza na kushika daftari zao, na hana sababu ya kiafya ya kubaki nyumbani. Mpelekee mwalimu mkuu mkononi, na mwalimu wa darasa naye apate nakala. Walimu wengi wana nia njema, wanawaogopea watoto wengine, na karatasi yenye muhuri inawapa nguvu ya kumjibu mzazi atakayelalamika.

Na binti mwenyewe umweleze. Mtoto wa miaka 8 aliyerudishwa nyumbani anajua kabisa kwamba kuna kitu kinasemwa juu yake. Mpe sentensi fupi ya kujibu wenzake, kama hii: "Si ugonjwa wa kuambukiza, daktari amesema utaondoka." Mfanyie mazoezi mara moja mbili kabla hajarudi darasani.